Chuo Kisicho na Kengele

Mughwai alijiponza kwa mdomo wake mwenyewe, na nusura amponze na mdogo wake.

Alikuja likizo kutoka chuo kikuu, Dar es Salaam, kijana wa kwanza kufika huko kutoka kijiji chao cha ujamaa karibu na Ikungi. Jioni hiyo baba yake, Mzee Antipasi, alimuuliza habari za chuo, naye akajimwaga. Kengele hakuna. Asiyetaka kwenda darasani anabaki kitandani. Mwalimu mnakunywa naye chai na kumwita kwa jina lake.

"Kwa jina lake," mzee alirudia.

"Ndiyo, baba. Mwenyewe ndivyo anavyotaka."

Mdogo wake, Felista, alikuwa akipakua ugali. Aliuona uso wa baba yake unavyojifunga, akajua mambo yameharibika. Yeye naye alikuwa amechaguliwa. Alikuwa amemaliza Jeshi la Kujenga Taifa, na mwezi ujao alitakiwa kuanza chuo hicho hicho.

"Hicho ni kilabu cha pombe," mzee alisema. "Mimi nilisoma misheni Kilimatinde. Kengele ikilia hujafika, unalimishwa. Felista atakwenda Kiomboi kujifunza uuguzi. Kule watu wanaamka."

"Baba, wanaochaguliwa ni wachache sana," Felista alisema.

"Nimemaliza, mama."

Felista hakulia. Hakuwa mtu wa kulia.

Asubuhi wanakijiji, Mzee Antipasi akiwemo, walikutana kupura mtama wa shamba la kijiji. Walisimama pande mbili na fimbo zao, upande huu ukipiga, ule ukijibu. Walipokaa kupumzika, Felista alipaza sauti.

"Kaka Mughwai, si umeandika habari zetu huko chuoni wakakusifu? Tuambie uliandika nini."

Mughwai alikuwa nayo kichwani yote. Alisimama akaeleza, kifua mbele, kwamba watu wa hapa huchelewa shamba la kijiji kwa sababu siasa ya ujamaa haijawaingia.

"Ulimuuliza nani?" Felista alisema.

"Niliona kwa macho."

"Uliona wamechelewa. Hukuona kwa nini. Hapa kwetu anayeita watu shambani hufanya nini kwanza?"

"Anapika pombe," alidakia Theodora, jirani yao, na watu wakacheka.

"Anapika. Sasa kijiji kiliita watu kwa filimbi, jungu tupu. Nani angeamini shamba lile lina mwenyewe?"

"Kwa hiyo ujamaa tuununue kwa pombe?" Mughwai alichemka. "Hiyo ni hongo."

"Hongo unampa mtu mmoja pembeni. Jungu linawekwa katikati, kila mtu analiona. Kila nyumba ingetoa mtama kidogo, kila nyumba ingekuwa imeita. Huo ndio ujamaa, kaka, na ulikuwa nyumbani kwenu ukaupita."

Mughwai alicheka, akakaa chini.

"Amenipiga," alisema. "Baba, hivi ndivyo tunavyosoma kule. Unajisomea mwenyewe, hakuna wa kukuamsha. Siku yako ikifika unawekwa katikati, wenzako wanakupura kwa maswali. Aliyelala anajulikana hapo hapo."

"Na mwalimu?" mzee aliuliza. "Naye anapurwa?"

"Naye. Mwaka jana nilimpura mimi."

"Huyu angekupura wewe na mwalimu wako pamoja," alisema Theodora.

Mzee Antipasi aliinuka, akaokota fimbo yake, akaiweka mkononi mwa Felista, akamsimamisha mahali pake, mwanzo wa mstari, ambapo pigo la kwanza hutoka. Felista akapiga. Upande wa pili ukajibu.

Mwezi uliofuata mzee mwenyewe alilibeba sanduku la bintiye hadi Singida mjini, kupanda basi la Dar es Salaam. Mughwai alijaribu kumpokea, akafukuzwa. Walipopita mtaa wa Utemini, mzee mwenzake alimsimamisha.

"Antipasi, unampeleka wapi mtoto?"

"Shikamoo, mzee," Felista alisalimia.

"Marahaba, mama."

Mzee Antipasi aliliweka sanduku begani vizuri zaidi, shingo wima.

"Nampeleka chuo ambacho hakina kengele," alisema. "Wanachukua wanaoamka wenyewe."