Kiungo cha Robine ya Rwambuzi

Saa kumi na moja ya jioni Tharcisse alikuwa amepiga magoti mutaani Rwambuzi, anasugua mutiyo wa maji wa shaba nyekundu kwa muchanga. Robine, bomba la kufungulia maji, ya shaba ya manjano, aliyoitoa kwenye tanki la nyumba iliyoungua, ilikuwa pembeni. Robine ya zamani ya hapo, Roger, chef wa quartier, mukubwa wa mutaa, aliing'oa akamupelekea komanda wa askari. Wakubwa hawachoti maji. Tangu hapo wamama wanateremuka mutoni, kwenye risasi za vita, na Vahwere, bibi aliyeolewa na Tharcisse, alikufia kwenye hiyo njia mwezi wa tano, 2003.

Tangu kufa, kila jioni Vahwere alirudi na bidoni yake ya maji, tupu, akasimama karibu na mutiyo. Alikuwa ameenda kuchota, hakupata. Bila maji hakuweza kwenda zake kwa wafu. Wamama walimusalimia, wakapita.

—Baba Fanny, Vahwere alimuuliza Tharcisse, utaunga na nini?

Fimbo ya kuungia ya shaba ya manjano hapana, moto wake ungeyeyusha na robine yenyewe. Bati ni rahisi, ila maji yakisukuma, wiki moja inaachia. Ya kushika kabisa ni feza, ile nyeupe ya mapete. Alibaki na kipande kimoja, urefu wa kidole, tangu kazi ya mugodi.

—Na bati.

—Weye! Fundi muzima wa mugodi, bati?

—Ikiachia, utarudi.

Vahwere aliangalia bidoni yake.

—Na Léonie wa hapa jirani? Iko anateremuka na mutoto mugongoni. Tia feza. Na lete bugali.

Mutiyo ulikuwa ungali unadondosha, na maji yanaiba moto. Vahwere alifinyanga bugali, akaziba nayo ndani.

—Bugali yako ilikuwa ngumu siku zote.

—Miaka makumi mbili ulikula, hukusema.

—Nilikuwa naogopa.

Akacheka. Tharcisse alipaka boraksi, unga wa kusaidia feza itembee, akachoma kwanza shaba nyekundu, sababu inakula moto zaidi. Feza ilizunguka kiungo mara moja. Robine ilipofunguliwa ilitema bugali, kisha maji. Bidoni ikajaa. Vahwere aliitwika, akapanda njia, hakugeuka. Jioni zilizofuata hakuonekana.

Lakini asubuhi iliyofuata kazi ile, Roger alikuja na askari wawili, akatia robine kufuli. Maji sasa ni ya komanda.

—Kazi nzuri, muzee, Roger akamuambia.

Wamama wakateremuka mutoni, Léonie mbele, mutoto mugongoni. Tharcisse alipitisha kidole chini ya kiungo. Kilikuwa kikavu; feza ilishika.