Fimbo za Kuvulia Si Kuni

Watu husema ajali haina kinga. Ile iliyomfika Jerotich ilikuwa na kinga, tena ya mipira mitatu ya kufungia nywele, na mipira yenyewe ilikuwa ndani ya droo ya binti yake. Ndiyo maana inafaa isimuliwe polepole, mwenye watoto asikie vizuri.

Jerotich alikuwa na watoto wawili, Jelagat wa miaka kumi na Ethan wa miaka minne. Alifanya kazi ya kutunza wazee Silver Spring, huko Marekani, na alikaa Wheaton, ghorofa ya tatu, na mumewe Kipkemboi. Kama kuna mtu aliyejua kuogopa kwa niaba ya wengine, ni yeye. Zabibu za Ethan alizikata mara mbili kabla ya kumpa. Jelagat akishuka ngazi, mama alibaki ametega sikio mpaka mlango wa chini ugonge.

Mwaka huo wa 2006, jirani mmoja aliyekuwa anahama aliwaachia fimbo tatu za kuvulia samaki. Zilikuwa ndefu kumshinda Kipkemboi, kila moja na gurudumu lake la kuzungushia mshipi, na ndoano ikining'inia kwenye ncha. Kipkemboi akafurahi kama mtoto. Akakata leseni ya kuvua, akampigia simu rafiki yake Cosmas, Mtanzania wa Musoma aliyekuwa anakaa Greenbelt. Cosmas alikulia ziwani. Jambo la kwanza alilofanya kwenye simu ni kucheka.

"Wewe Mnandi wewe! Watu wa ng'ombe na mbio, leo mnataka samaki? Samaki hakimbizwi, bwana. Samaki anangojwa."

"Wacha maneno, tufundishe."

"Haya, njooni Jumamosi saa tatu, pale kwenye ziwa la Greenbelt. Lakini nisikilize. Kabla hujazitia garini, toa ndoano. Halafu kila fimbo ifungwe peke yake. Umesikia? Peke yake."

Kipkemboi alisikia, na neno alilifikisha kwa mkewe kama alivyopewa. Shida ni kwamba Jerotich hakutaka mtu yeyote aziguse zile ndoano. Zilikuwa zimeshika kutu.

"Kutu ni pepopunda," alisema. "Hapa hakuna wa kushika kitu. Nitazifunga mimi mwenyewe, na nikishazifunga hazimdhuru mtu."

Na kufunga mzigo, huyo mama alijua. Kwao, juu kule karibu na Kapsabet, msichana alipimwa kwa mzigo wake wa kuni. Ukifika nyumbani bila kudondosha hata kijiti, basi umefunzwa. Asubuhi ile ya Jumamosi, mumewe akiwa bado bafuni, Jerotich alizilaza fimbo tatu sakafuni, shina kwa shina na ncha kwa ncha. Kwa kijiti cha kula wali wa Kichina akazisukuma ndoano zikaingia katikati. Akaviringisha leso kuukuu kwenye ncha, akapiga goti juu ya mzigo, akakaza kamba mpaka fimbo zikalia kwi! Akasimama, akaukagua mzigo wake, akaridhika.

Kosa lilikuwa hapo. Kuni ukizikaza zinatulia. Fimbo za kuvulia ni nyembamba, zinateleza, zinapinda na kurudi. Gari likiruka kidogo, kila mshipi unalegea kivyake na kumpanda mwenzake, na ndoano iliyo ndani ya leso haijalala, inatafuta kitambaa cha kushika. Halafu kulikuwa na jambo ambalo yeye hakulijua, wala mumewe: fimbo zile huchomolewa katikati zikawa vipande viwili, zikaingia butini, nyuma ya gari, bila taabu yoyote. Wao walidhani ni kitu kimoja. Basi mzigo ukapitishwa ndani ya gari, mashina yakiwa mbele kwenye magoti ya Jelagat, ncha zikiwa nyuma kwenye kioo, katikati ya Jerotich na kiti cha Ethan.

Ilikuwa Aprili, na baridi ilikuwa haijaisha. Ethan alivaa kofia ya sufu yenye kamba mbili, ambazo mama alimfungia kidevuni fundo juu ya fundo. Barabara kuu kuelekea Greenbelt ilikuwa tupu, na Kipkemboi aliendesha akipiga mluzi. Kabla hawajatoka kwenye barabara kuu, Ethan akasinzia, kichwa kikaegemea upande wa mzigo. Jerotich alimtazama, akaona leso iko mahali pake, akatazama dirishani.

Walipofika, Cosmas alikuwa ameshakaa kwenye benchi kando ya maji. Akawapungia mkono. Kipkemboi alizunguka, akamfungulia Jelagat mlango wa mbele, mtoto akashuka. Baba akashika mashina ya fimbo akaanza kuutoa mzigo.

"Mommy," Ethan akasema kwa sauti ya usingizi, "something is pulling my hat."

Jerotich akageuka. Ndoano moja ilikuwa imetoboa leso ikapenya ukingo wa kofia, na ncha yake ilikuwa imetokeza juu ya nyusi ya mtoto. Kila baba alipovuta, kofia ilishuka. Ncha ilikuwa imebakiza upana wa punje ya mahindi kufika kwenye jicho.

"Usivute!"

Kipkemboi akaganda, nusu ya mzigo nje, nusu ndani. "Nini? Nirudishe?" Akausukuma ndani kidogo. Ncha zikagota kwenye kioo cha nyuma, zikapinda, na kofia ikashuka tena.

"Usirudishe! Usivute, usirudishe! Kaa hivyo hivyo, Baba Jela. Usipumue hata."

Akajaribu kulegeza mshipi. Alishika mmoja, ukalegea, lakini mwingine ukakaza. Akashika ule wa pili, wa kwanza ukakaza upya. Mishipi mitatu ilikuwa imesokotana kama nywele za mtu aliyelala bila kusuka, myembamba, isiyo na rangi, na hakuna jicho la kutambua upi ndio ulioshika kofia. Kufungua kofia kulihitaji mikono miwili, kwa fundo lile alilolifunga mwenyewe. Naye mkono mmoja alikuwa ameshaupeleka mahali pengine: kidole chake cha shahada alikiweka kati ya ncha ya ndoano na kope la mwanawe.

"Jela," alisema, na sauti yake ikatoka taratibu, hata yeye akashangaa. "Kimbia kwa Uncle Cosmas. Mwambie mkasi."

Jelagat, ambaye Kiswahili huwa anakijibu kwa Kiingereza, safari hii alikijibu kwa miguu. Alikimbia.

Sasa, mtoto wa miaka minne akiona kidole mbele ya jicho hufanya nini? Hugeuza kichwa. Ethan akigeuza kichwa, yamekwisha. Jerotich alijua kitu kimoja tu ambacho Ethan alikifanya bila ubishi tangu aanze kutembea.

"Ethan, tumefika salama. Funga macho, tuombe."

Mtoto akafumba macho, akaunganisha viganja, akatulia tuli.

"Baba yetu wa mbinguni," akaanza Jerotich, "tunakushukuru kwa safari hii. Tunakushukuru kwa gari. Tunamweka mikononi mwako nyanya yetu, kogo, kule Kapsabet, na mguu wake. Mkumbuke mjomba na mtihani wake wa udereva. Wakumbuke wagonjwa wangu wote, yule wa chumba cha nne, yule wa cha sita anayenitukana..."

Nje, Kipkemboi alikuwa amesimama, ameushika mzigo bila kuusogeza. Midomo yake ilikuwa ikiitikia. Jerotich aliwaombea ng'ombe. Aliiombea mvua, akawaombea majirani wa ghorofa ya pili na mbwa wao. Kidole hakikuondoka.

Cosmas alifika akihema, akaingia kwa mlango wa upande wa pili, akaona. Mzaha ukamtoka usoni. Mkasi hakuwa nao, alikuwa na kikata kucha kwenye funguo zake.

"Upi, shemeji?" akanong'ona.

"Yote. Kata yote. Na uwabariki, Bwana, wote wanaovua katika ziwa hili..."

Kikata kucha kikalia mara moja, mara mbili. Ule wa tatu ulipokatika, fimbo zilizokuwa zimepinda zikafyatuka, kofia ikaruka, na ndoano ikatafuta nyama ya kwanza iliyokuwa karibu. Ilikuta kidole. Ikazama.

"Amina," akasema Jerotich.

Ethan akafumbua macho yote mawili, mazima, meusi, na kulalamika kwa Kiingereza kwamba sala ilikuwa ndefu mno.

Jerotich hakulia mpaka mtoto aliposhuka garini. Cosmas alitaka kuichomoa ndoano pale pale, Jerotich akamkataza. Ndoano ina kishale, ukiivuta nyuma inachana, na kutu ni kutu. Walikwenda kliniki, muuguzi akamdunga ganzi, akaitoa, akampa na sindano ya pepopunda. Njiani wakirudi, Cosmas akaona sasa yaruhusiwa.

"Shemeji, samaki wa kwanza wa leo ni wewe. Kilo sitini na tano."

"Sabini," Kipkemboi akasema, na wote wakacheka kicheko cha watu waliookoka, Jerotich pia, huku akimpiga mumewe begani kwa mkono mzima.

Siku hiyo hawakuvua. Walikaa sebuleni Wheaton, na Cosmas akawaonyesha kwa mikono fimbo inavyochomolewa na kufungwa, Jerotich akimrudisha nyuma kila alipokwenda haraka. Usiku ule Jerotich alilala mara tatu na kuamka mara tatu kwenda kutazama macho ya Ethan yaliyofumba.

Kesho yake, kanisani Silver Spring kwenye ibada ya Kiswahili, ulipofika wakati wa matangazo, alinyanyua mkono uliofungwa bandeji. Hakuwa msemaji, na shule yake iliishia darasa la saba. Lakini alijua kina baba kadhaa walipanga kuwapeleka watoto kuvua mchana ule ule baada ya ibada, na hilo halikumwacha akae.

"Mimi nilifunga fimbo za samaki kama kuni," alisema. Kanisa likacheka. Alingoja wamalize. "Chekeni, mimi pia nilicheka. Lakini mwanangu alibakiza hivi." Akaonyesha kwa vidole viwili. Kicheko kikaisha. "Ndoano itolewe, iwekwe kwenye mkebe wenye kifuniko. Mshipi uzungushwe wote urudi kwenye gurudumu, ufungwe na mpira wa nywele usifunguke. Fimbo ichomolewe katikati, vile vipande viwili vifungwe pamoja bila kukaza. Ncha ivalishwe soksi. Ya pili hivyo hivyo, peke yake. Ziende butini. Mahali anapokaa mtoto zisipite, hata kwa dakika moja, hata kama ni hapo tu na hapo. Mimi niliambiwa nikajifanya najua. Nyinyi nawaambia."

Mchungaji alikuwa hajamshukuru, na kwenye safu ya nyuma Gitau, fundi wa mabomba, alikuwa ameshasimama. Mkewe Wamaitha, mwenye mtoto mchanga mapajani, alimvuta koti kumkalisha, maana baraka zilikuwa bado. Gitau akalitoa koti, akaliacha mkononi mwa mkewe, akatoka kuelekea maegesho. Kikundi cha kuimba kiliimba wimbo mzima na nusu ya wa pili.

Aliporudi hakwenda kwenye kiti chake. Alikuja mbele moja kwa moja mpaka alipokaa Jerotich, akachuchumaa, jasho likimtoka ijapokuwa nje kulikuwa na baridi.

"Mama Jela, fimbo zetu zilikuwa nne, mzigo mmoja," akasema kwa sauti ya chini. "Na ndoano moja ilikuwa imeshashika blanketi la mtoto kule garini."