Mfuko wa Chumvi Njia ya Mangina

Kyakimwa hakumwamini shemeji yake Gustave tangu siku alipokuja kumposa Élise, mdogo wake. Kosa la kumshika nalo hakuwa nalo. Gustave alikuwa mwalimu, mtu wa Kasai, aliyeletwa Beni na kazi ya serikali kabla ya vita; barabara zilipokatika akabaki hapo hapo. Hakunywa wala hakupiga mke. Ila askari walimwita Maître, yaani mwalimu, kwa kicheko, kama mtu wao. Katika mji ambao kila mtu aliomba askari wasimjue hata sura, hilo peke yake lilimtosha Kyakimwa.

Likizo kubwa ya mwaka 2001 ilipofika, Kyakimwa alitoka Butembo na watoto wake, Ornella na Jordy, akaja kukaa kwa Élise mtaa wa Bungulu. Élise alikuwa na kichanga na hakuweza kutoka. Watoto walishinda uani wakigombana, pamoja na Bénie, binti mkubwa wa Élise na Gustave, aliyekuwa bado mdogo wa kubebwa akichoka. Ndipo Mathe, kaka yao Kyakimwa na Élise, alipokuja kuwasalimia na kusema, "Tubapeleke batoto kwa Koko. Baoge mu muto, bashike kaa, bakule viazi vya kuchoma. Hapa banakaa kama kuku."

Koko Kasonia, nyanya yao Mathe na dada zake, alilima upande wa Mabalako, mbele ya Mangina. Watoto walipiga kelele za furaha.

"Na mimi nitaenda," Gustave akasema.

"Mais Maître, utachoka bure," Mathe akajibu haraka. "Kule ni matope tu."

"Bénie ni mutoto wangu. Nitaenda naye."

Kyakimwa aliona uso wa kaka yake ukibadilika, na wake ukabadilika vile vile. Mtu asiyependa shamba, anakwenda kutafuta nini shambani?

Asubuhi walipanda kamionete iliyojaa watu na vikapu. Mathe alikuwa amemchukulia Koko nusu gunia la chumvi. Alilisimika nyuma ya dereva, akambeba Bénie na kumketisha juu yake. "Kaa hapo, mama. Ndiyo kiti yako."

Kwenye kizuizi cha kabla ya Mangina askari waliwateremsha watu wazima wote na kuanza kufungua mizigo. Mmoja wao alimwona Gustave.

"Maître! Mbote!"

Wakasemezana kwa Kilingala, wakacheka, wakapigana mabega. Kyakimwa aliokota neno moja moja tu, na kila neno lilimkaa vibaya moyoni. Askari yule akamsogelea Bénie, ambaye alikuwa bado juu ya chumvi yake, akamfinya shavu na kumpa biskuti. Kisha akaishusha kamba ya kizuizi, wakapita. Mathe alikuwa akifuta jasho, na asubuhi ilikuwa ya baridi. "Naye anamwogopa," Kyakimwa aliwaza. "Si mimi peke yangu."

Mtoni, hata hivyo, ilikuwa vigumu kukaa na wasiwasi. Maji hayakuwa na kina na mawe yalikuwa mengi, na chini ya kila jiwe Jordy alitafuta kaa. Alipobanwa kidole alilia, akanyamaza, akarudi kutafuta yule yule aliyembana. Mathe aliwavusha watoto mabegani, huku na huko, akijifanya anateleza ili wapige mayowe. Koko alikaa ukingoni akimenya viazi na kuwacheka wote.

Gustave peke yake hakucheka. Alikuwa amekunja suruali na kukaa juu ya jiwe, akamwita Ornella kwa sauti ya chini. Walipomaliza, Kyakimwa alimvuta binti yake pembeni.

"Alikuuliza nini?"

"Aliuliza kama noko Mathe anakuyaka kututembelea kwetu Butembo mara mingi. Na kama anakuyaka na mizigo."

Kyakimwa alimrudisha Ornella kwa wenzake. Sasa alikuwa na neno la kumshika nalo Gustave. Mtu anayewapekua watoto kwa maswali juu ya mjomba wao anampelekea nani majibu?

Moto ulipowaka na kaa wakaanza kugeuka wekundu, Jordy aliinuka. "Niende kuleta chumvi?"

"Wacha ile mufuko!" Mathe alifoka, mpaka mtoto akarudi nyuma karibu akanyage makaa. Mathe hakuwahi kumfokea mtoto. Akajitahidi kutabasamu. "Koko iko na yake. Ile tusiifungue."

Hapo tu Kyakimwa alipogeuka, jiwe la Gustave lilikuwa tupu.

Alipanda mbio kwenye kibanda cha Koko, walikoliacha gunia. Alimkuta shemeji yake amepiga magoti, kamba ya gunia imefunguliwa, mkono umezama ndani mpaka kwenye kiwiko.

"Unatafuta nini mu muzigo wa mutu? Ni askari bamekutuma?"

Gustave hakushtuka. Alitoa mkono, mweupe kwa chumvi, akasogea kando. "Ingiza mukono wako, shemeji. Usiseme kitu. Ingiza tu."

"Si ni chumvi?"

"Juu ni chumvi."

Aliingiza. Chembe zilimwasha kwenye kucha, kisha vidole vikagusa nailoni, na ndani ya nailoni vitu vingi vidogo, baridi, vilivyochongoka. Hakuhitaji kuvitoa kujua kwamba ni risasi. Alikaa chini kwenye udongo.

"Niliona uzito yake asubuhi, wakati aliinua," Gustave alisema. "Chumvi hapana kuwa hivi. Mais nilikuwa sina hakika. Na pale kizuizini, Kyakimwa, mutoto wangu alikuwa amekaa juu yake."

Mathe alitokea mlangoni, maji yakimtiririka miguuni. Aliwatazama wote wawili, akalitazama gunia.

"Ni ya bandugu yetu benye kupigana mu pori," alisema. "Banatulinda. Ungelikuwa mutu wa hapa, Maître, ungesikia."

"Mimi ni mutu wa hapa," Kyakimwa akasema. "Kumbe kaa na viazi, yote ilikuwa ya hii?"

"Mutu akiwa na batoto, basoda ba kizuizi hawamupekui. Donc, ndiyo sababu..."

"Na kama bangepekua?"

Mathe aliinama, akaifunga upya kamba ya gunia. Kyakimwa alitamani ajibu, hata kwa uongo. Alikuwa amejiandaa tangu asubuhi kumwona msaliti, naye msaliti alikuwa huyu kaka yake, aliyelelewa mgongoni mwake.

"Beba yako, uende," alimwambia. "Leo haurudi na sisi. Na batoto yangu usibaguse tena."

Mathe alijitwika gunia kichwani, akashika njia ya nyuma ya migomba bila kumuaga Koko.

Jioni, kwenye kizuizi, askari yule yule alihesabu kwa kidole. "Mulikuwa bakubwa batatu. Mwingine iko wapi?"

Kyakimwa alimtazama Gustave. Aligundua kwamba uhai wa kaka yake umo mdomoni mwa Gustave, na kwamba bado hajui Gustave ni mtu gani.

"Alibaki kwa koko yake," Gustave alisema, akimpanga vizuri Bénie aliyelala begani. "Aliteleza mu mawe, muguu umevimba."

Askari alifunua kikapu, akakuta kaa na viazi, akachukua viazi viwili. Kamba ikashuka.

Walitembea kutoka barabarani mpaka Bungulu. Karibu na nyumba Kyakimwa alisimama. "Mbona basoda wanakujua hivi?"

"Ninafundisha batoto yao," Gustave alijibu. Akafikiri kidogo. "Na nikikataa kucheka nao, unazani nitakaa hapa siku ngapi?"

Lilikuwa jibu zuri. Kyakimwa aliligeuza geuza akitafuta ufa, hakuuona, na bado hakutulia.

Élise alikuwa mlangoni na kichanga. "Na Mathe?"

Kyakimwa na Gustave wakatazamana, kila mmoja akingoja kusikia mwenzake atasema nini.