Sori Iliyotangulia

Ottilia alikuwa akianika usipa kwenye kichanja, jua limeshapanda, sauti ya mwanamume ikasema karibu na sikio lake, "Sori, mama." Hapakuwa na mtu. Akajibu, "Asante, baba," akaendelea kutandaza samaki.

Pale Lundo neno hilo la Kiingereza lilitumika kwa kila jambo. Ukimkanyaga mtu mguu, sori. Chenji ikikosekana, sori. Mtu akifiwa, sori. Tangu malori ya makaa ya mawe yaanze kupita, lilikuwa likija kabla ya kosa lenyewe. Wanakijiji walikwenda ofisi ya wilaya kuomba matuta barabarani. Sori ya ofisi iliwakuta njiani.

Jirani yake Benadetha akauliza kutoka uani kwake ni sauti gani.

"Ya dereva wa lori," Ottilia alisema.

"Basi kamchukue mtoto, dada. Usipa nitakuangalizia, na sitawamaliza."

Ottilia akavuka barabara hadi shuleni, akamtoa binti yake Tadea darasani, akarudi naye nyumbani, akamfungia ndani. Muda si mrefu sauti ikasikika kwa Benadetha. Naye akafuta mikono, akaenda kumchukua wake. Ikahamia nyumba ya tatu, kisha ya nne, kwa upole uleule, kama mgeni anayeulizia njia. Mwisho ikafika kwenye duka la Mwanakombo, aliyekuwa amepanda kwenda mjini Mbinga kununua bidhaa. "Sori, mama," ikaliambia kufuli.

Mwanakombo alikuwa na binti mmoja, Nasma, na kengele ya madarasa ya chini kutoka ilikuwa imeshalia.

Ottilia akakimbia. Alipofika ukingoni mwa barabara, Nasma alikuwa ng'ambo, amesimama kwenye majani, salama kabisa. Ottilia akainua mkono kumwashiria abaki palepale. Lakini Nasma alikuwa amelelewa vizuri. Hakuwahi kumwamkia mtu mzima kwa kupaza sauti kutoka mbali. Akavuka ili amsalimie.

"Shikamoo, mama," akasema alipofika katikati.

Lori halikusimama. Dereva alikuwa ameshasema lake.

Jioni Mwanakombo alishuka kwenye basi, watu wakampokea mizigo na kumshika mikono yote miwili. Asubuhi iliyofuata malori yalipita kwa mwendo uleule, na wanawake wa Lundo wakaanika usipa bila kuzungumza, wasije wakakosa kusikia.