Maswali ya Jumatatu

Siku hizi wodi ya kifua kikuu ina feni kubwa za kutoa hewa na mabango ya rangi ukutani. Mimi namkumbuka Sista Madirisha. Nani alimpa jina hilo sijui, ila lilimkaa sawasawa. Alifika kabla yetu sote akafungua kila dirisha, hata siku za baridi kali. Ukithubutu kufunga moja, ungedhani umemtukania mama yake.

"Vaa sweta, mwanangu. Dirisha liache."

Kisha tulijipanga mlangoni. Barakoa ngumu zile zilitubana mpaka zikatuachia alama puani, na kila mmoja alipitisha vidole pembeni mwa barakoa ya mwenzake kuona kama hewa inavuja. Tulitaniana weee: huyu mashavu yamezidi, yule pua haina pa kushika. Asubuhi zile nazikumbuka mpaka roho inaniuma.

Jumatatu ndiyo ilikuwa balaa. Sista alituuliza sisi wauguzi, mmoja mmoja, yale yale tuliyowauliza wagonjwa: unakohoa? Unatoka jasho usiku? Nguo zimeanza kukupwaya? Tulijibu hapana, hapana, hapana, bila hata kusikiliza swali, tukakimbilia kazi.

Jumatatu moja nilijibu hivyo nikiwa na wiki ya tatu ya kikohozi. Nilikuwa nanywa dawa za mafua na kukoholea chooni, bomba nimelifungulia. Nyumbani nilikuwa na mtoto wa miezi minne, nanyonyesha, nikaona nikisema ukweli watanitenga naye. Muuguzi mzima, na nilidanganya kuliko mgonjwa yeyote.

Sista hakubishana nami. Alinifuata kwenye kabati la dawa akanipa kikopo cha makohozi.

"Toka nje, kwenye hewa. Kohoa kutoka kifuani, sitaki mate."

"Sista, mimi mzima!"

"Mficha maradhi kilio humuumbua. Nenda."

Nilimwita mchawi mbele ya wenzangu, ila nikaenda. Majibu yakatoka: nina kifua kikuu. Wazo langu la kwanza likawa mtoto. Mchawi wangu huyo ndiye aliyembeba hadi kliniki ya watoto. Alipimwa, akakutwa mzima, akaanzishiwa dawa ya kumkinga. Hata kunyonyesha sikukatazwa, mradi nivae barakoa. Miezi sita nilimeza vidonge vyangu mbele ya Sista, na hakuwahi kunikumbusha lile tusi.

Siku ya kidonge cha mwisho nilikwenda na mtoto mgongoni, nikamwomba radhi. Nikamuuliza kwa nini alituandama vile kila Jumatatu.

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sare.

"Enzi zangu hakukuwa na wa kuniuliza. Nilikohoa mwezi mzima, najiambia ni mafua, huku nanyonyesha. Binti yangu angekuwa rika lako sasa."

Nilifungua mbeleko, nikampa mtoto ampakate.