Gari Lililoacha Kumsalimia Bibi

Wananchi wenzangu, wazee wa ukoo na mifugo yote iliyohudhuria: leo hii, hapa Nyegezi, gari la marehemu Babu limeingia rasmi katika zama za sayansi na teknolojia.

Hivyo ndivyo nilivyotangaza, nikiwa nimesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, siku mimi na Baba mdogo Obedi tulipolirudisha gari kutoka mjini likiwa na redio mpya ya skrini. Waliohudhuria ni Baba mdogo mwenyewe, Bibi Bernadeta, na jogoo mmoja aliyeondoka kabla hotuba haijaisha. Kisha Baba mdogo akagusa alama ya muziki ili kuzindua mtambo, na mtambo ukafungua kalenda.

Redio hiyo ilikuwa ya bei nafuu, na haikuficha. Skrini ilikuwa pana kama sinia, yenye rangi za kuumiza macho, lakini ukiigusa mahali, huitikia upana wa kidole kimoja kushoto zaidi. Fundi Nadim, mwenye duka la vifaa vya magari karibu na Makoroboi, alituambia hilo si kosa, ni tabia.

"Mtaizoea," alisema. "Mimi mama mkwe wangu nilimzoea."

Baba mdogo aliinunua kwa ajili ya kamera ya nyuma. Yeye ni mwalimu wa hesabu anayeweza kukokotoa mwendo wa gari lolote duniani isipokuwa lake likirudi nyuma, na mpapai wetu una makovu ya kuthibitisha hilo.

Baada ya uzinduzi Bibi aliombwa apande ili azungushwe kidogo. Akapanda, akakaa vizuri, akaweka mkoba magotini. Baba mdogo akawasha gari. Skrini ikaonyesha maporomoko ya maji, halafu maua, halafu ikatulia.

Bibi akasubiri.

"Mbona hasemi?" akauliza.

Hapo ndipo ilipobidi watu wakumbuke. Gari hili lilitoka Japani likiwa na sauti ya mwanamke ndani yake. Kila ulipoliwasha, mwanamke huyo alisema maneno machache ya Kijapani, taratibu, kwa adabu ya mtu aliyelelewa. Nyumbani hakuna aliyejua anasema nini. Babu, tangu siku ya kwanza, aliamua kwamba anamwamkia, naye akawa anamjibu, "Marahaba, binti." Watu walipomcheka alisema mgeni akikuamkia kwa lugha yake, wewe mwitikie kwa yako. Babu alipofariki, Bibi akarithi gari pamoja na kazi ya kuitikia.

"Redio ya zamani imeondoka, Mayu," Baba mdogo alisema, akimwita mama yake kwa Kisukuma. "Labda sauti imeondoka nayo."

Wote waliokuwepo walikubali maelezo hayo. Mimi sikusema kitu, jambo ambalo lingepaswa kumshtua mtu yeyote anayenifahamu.

Bibi akafungua mlango, akashuka.

Tungecheka yakaisha, kama si macho yake. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kufunga ukungu, na la kulia lilikuwa linafuata njia hiyohiyo. Chai aliimimina kando ya kikombe. Wiki hiyo hospitali ya mjini ilikuwa imepokea madaktari wa macho kutoka mbali, nao wakimaliza Ijumaa wanaondoka. Bibi alikuwa ameandikishwa Jumatano. Jumatano akapanda gari, gari likawashwa, pakawa kimya, akashuka.

"Mayu, ni redio tu," Baba mdogo alisema.

"Marehemu mume wangu alipelekwa hospitali na gari la watu, lile lisilosema kitu," Bibi alijibu. "Hakurudi. Hili kila liliponipeleka lilinisalimia kwanza, na kila mara lilinirudisha. Gari linalokusalimia linajua umepanda. Hili sasa halijui. Litamrudisha nani?"

"Basi tuchukue bajaji."

"Bajaji nayo inanijua?"

Alhamisi ilikuwa vilevile, ila Baba mdogo aliinua sauti, halafu akaenda kuomba radhi akiwa ameshika kofia. Jioni nilimwona Bibi akipapasa ukuta kutafuta mlango wa jikoni, mlango alioupita tangu kabla baba yangu hajazaliwa. Nikaona kwamba taifa linanihitaji.

Ijumaa asubuhi, mwanafunzi wa kidato cha tatu, mwenye vyeti viwili vya maigizo na barua kadhaa za onyo kutoka shule yake ya bweni, alijifungia chooni na simu. Alirekodi sauti nyororo ya kike, yenye Kijapani alichokitunga papo hapo na Kiswahili kidogo mwishoni kwa usalama. Kisha akaiunganisha simu yake na redio kwa bluetooth, akaingia kiti cha nyuma, akakaa kama mtoto wa kwaya.

Bibi akapanda kwa sababu Baba mdogo alimwomba kwa jina la Babu. Gari likawashwa. Maporomoko ya maji yakapita, maua yakapita. Nikabonyeza.

"Hasuki moto naka, hayashi deka," lilisema gari. "Shikamoo, Bibi."

Bibi aliinua kichwa polepole.

"Marahaba," akasema. Halafu, baada ya kufikiri: "Umepata mafua?"

"Ni spika mpya, Mayu," Baba mdogo aliwahi, akaingiza gia kabla mtu hajabadili mawazo. Kwenye kioo cha juu alinitazama. Nami nilitazama mpapai kwa makini.

Tukaingia barabara kuu. Ziwa lilikuwa upande wa kushoto, limetulia kati ya mawe, na Bibi alikuwa amefungua dirisha akizungumza na dashibodi. Aliiambia habari za msiba wa Babu, kwamba walipika ng'ombe wawili na bado watu wa Misungwi walilalamika. Aliiuliza kama kwao kuna baridi. Mimi nilikuwa najivunia kazi yangu na kujisikia vibaya kwa wakati mmoja, hali ambayo sikuwahi kufundishwa namna ya kuishughulikia.

Tulipokuwa tunakaribia Mkuyuni, redio ikaita.

Ilikuwa simu yangu, lakini kwa kuwa nilikuwa nimeiunganisha, ililia kwenye spika zote nne. Kwenye skrini jina likajitokeza kwa herufi za ukubwa wa mkono: FUNDI NADIM. Chini yake maduara mawili, la kijani la kupokea na jekundu la kukata, jekundu likiwa kulia.

"Kata, Bamdogo," nikasema. "Usipokee. Kata!"

Baba mdogo, mtu mtiifu, akagusa jekundu. Redio, kwa tabia yake, ikaitikia kushoto.

"Jonathan!" sauti ya Nadim ikajaa garini. "Ule waya umefika, kijana. Unakiunganisha kile kisanduku cha yule mama wa Kijapani na betri ndogo tu, anasema kama kawaida. Pitia uchukue kabla hujarudi shuleni."

"Sawa, asante, kwaheri!" nilipiga kelele.

"Ngoja kwanza. Lakini hao wenzako wa bweni nawahurumia! Mtu amelala zake, anasikia mwanamke anaongea chini ya kitanda!" Akacheka mpaka spika zikakwaruza. "Haya, msalimie bibi yako. Mwambie Nadim anasema ni bibi mwema, kukupa zawadi ya namna ile."

Akakata. Maua yakarudi kwenye skrini.

"Obedi," Bibi alisema. "Simamisha gari."

Baba mdogo akasimama kando ya barabara, karibu na mama mmoja aliyekuwa akikaanga sato. Bibi akafungua mlango. Mguu mmoja akauweka nje, chini. Wa pili ukabaki ndani, nami nikautazama kuliko nilivyowahi kutazama kitu chochote.

"Kwa hiyo aliyeniamkia asubuhi ni nani?"

"Ni mimi, Bibi."

"Na ng'ombe wa msiba nimemsimulia nani?"

"Mimi, Bibi. Na Bamdogo alisikia."

"Mimi usinitie humo," alisema Baba mdogo. Alitazama saa, akatazama barabara ya mjini. "Mayu, wanafunga saa sita. Huyu tutamchapa baadaye, kwa utulivu. Tafadhali rudisha mguu."

"Niurudishe wapi? Gari hili halijui kama nimepanda."

Mama wa samaki aliacha kugeuza samaki wake ili asikie vizuri. Hapo nilikuwa na uongo wa aina tatu ulio tayari, na mmoja ulikuwa mzuri kweli. Bibi akageuza uso upande wangu, lakini hakunipata. Alikuwa anautazama mkanda wa kiti, kidogo kushoto kwangu.

"Humu ndani anayejua kwamba nimepanda ni nani?" akauliza.

"Ni mimi, Bibi."

"Basi niamkie wewe. Kwa sauti uliyozaliwa nayo. Na useme ulichofanya."

Nikavua kofia. Sikuwa na ndoo ya kusimamia.

"Shikamoo, Bibi. Ni mimi, Jonathan. Sauti haikuwa kwenye redio ya zamani. Ilikuwa kwenye kisanduku kidogo chini ya dashibodi, na Nadim alitaka kukiacha palepale. Nilimwambia wewe umenipa. Nilitaka kuwatisha wenzangu shuleni. Kipo kwenye tranka langu, chini ya soksi, na Jumatano uliposhuka ningeweza kukirudisha, nikaona nikisema nitaadhibiwa na nikinyamaza mtu atapata ufumbuzi. Jana pia." Nilipofika hapo nikashindwa kujizuia. "Na sukari ya mwezi uliopita ni mimi. Na kovu moja la mpapai si la Bamdogo. Nilijaribu kuendesha."

"Nilijua!" Baba mdogo akasema. "Nilijua lile la juu si langu!"

Mafuta yalichemka kwenye karai la yule mama. Kisha mguu wa Bibi ukainuka kutoka chini, ukaingia ndani, na mlango ukafungwa.

"Marahaba," akasema. "Endesha, Obedi. Wakinifungua hili jicho, nataka nianze na uso wa huyu."