Mwenye Shuka Hapingwi

Kwenye saluni yangu ya kunyoa kuna sheria moja tu, na aliyeitunga ni baba yangu: mwenye shuka hapingwi. Ukishakaa kitini nikakufunga shuka shingoni, uwanja ni wako. Sema utakalo kuhusu serikali, kodi, matajiri, hata mkweo. Walioko kwenye benchi wafunge midomo mpaka nilikung'ute. Msidhani ni adabu. Kabla ya sheria hiyo watu walibishana mpaka mtu anageuza shingo ghafla wembe ukiwa nyuma ya sikio, na lawama zote kwangu. Nikageuka spika wa bunge lisilo na posho.

Baba alikuwa mkusanya ushuru sokoni mpaka alipostaafu. Watu walimwita Risiti, maana hata ukimuuzia ndimu moja alitaka risiti. Mpinzani wake alikuwa Kiraka, fundi viatu mwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa saluni yangu. Hao wawili walikuwa marafiki wa chanda na pete, na hawakuwahi kukubaliana hata kwamba nje kuna jua.

"Kodi ndiyo barabara," Baba alikuwa akisema chini ya shuka, macho kafumba. "Kodi ndiyo dawa. Kama hulipi, usilalamike."

Kiraka alikuwa akivumilia huku mguu unamcheza. Nikikung'uta shuka tu, analipuka. "Mimi nikinunua sabuni nimeshakatwa kodi! Mwenye ghorofa lile anasamehewa, ati mwekezaji! Na hospitali yetu wameijengea geti la marumaru, ndani hata glavu hakuna. Geti linatibu nini, Risiti? Linatibu macho?"

Benchi zima linaangua kicheko. Baba naye ananigeukia: "Binti yangu, hebu nirudishie shuka."

Kisha figo zake zikachoka. Hospitali ya serikali ilikuwa na mashine moja ya kusafisha damu, naye alilala pale kwa raha kama yuko sebuleni kwake. "Hii nimeinunua mimi," alimwambia muuguzi. "Kiraka amechangia gundi." Muuguzi alicheka, nami nikacheka. Nilidhani tumepona.

Mashine ikaharibika. Walibandika karatasi mlangoni: kipuri kimeagizwa. Ng'ambo ya barabara kuna hospitali ya watu binafsi, vioo juu hadi chini, na mashine za aina ileile zimejipanga zinangoja wagonjwa. Nilivuka nikauliza bei. Nilitoka bila kuaga. Kwa kipato changu, njia ilikuwa moja: niuze kiti, vioo, mashine za kunyolea na hata pango la chumba. Nikaamua kuuza. Baba ni mmoja, bwana, kiti ni chuma na sponji.

Mnunuzi alikuja, akakaa kitini, akakipandisha na kukishusha kama mtoto kwenye bembea. Baba alikuwa kwenye benchi, miguu imevimba ndani ya ndara ambazo Kiraka alizipanua kwa ajili yake. Akajiinua kwa shida.

"Samahani, kijana. Hapo ni zamu yangu." Alipokaa akaniambia, "Nifunge shuka."

Nilijua anachokitafuta. Lakini ni baba yangu, nikamfunga.

"Nitasubiri mashine ya serikali," akasema. "Maisha yangu yote nimekusanya kwa ajili yake. Nimewachukulia akina mama wa nyanya hela zao, wengine wakilia, nikiwaambia zitarudi kama matibabu. Leo nikivuka barabara, nitakuwa nimekiri kwamba nilikuwa nawaibia."

"Baba, lakini..."

Kidole kikainuka chini ya shuka. "Mwenye shuka hapingwi."

Mnunuzi akaaga kwa aibu. Nilipokung'uta shuka niliyasema yote. Nililia, nikamwita mkaidi, nikamuuliza kama anataka kunifanya yatima kwa ajili ya hotuba. Akanijibu kwa upole, "Subira huvuta heri."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo!" Kiraka akafoka kutoka mlangoni. Siku hiyo benchi halikucheka.

Ikawa ndiyo mtindo. Nikigusia tu kuvuka barabara, Baba anataka shuka. Kichwa kilikwisha kunyolewa hadi kinang'aa, hakuna hata unywele wa kusingizia, lakini atakaa kitini aitetee serikali, sauti ikizidi kufifia. Nikikung'uta, Kiraka anambishia. Mimi natazama miguu ile inavimba.

Pumzi ilipoanza kumkatika tulimpeleka hospitalini, tukampitisha kwenye lile geti la marumaru. Karatasi bado ilikuwa mlangoni. Asubuhi nilitoka kumtafutia maji ya kunywa. Niliporudi, muuguzi alikuwa ameshamfunika shuka jeupe mpaka kichwani, na Kiraka amesimama pembeni, kofia mkononi.

Hasira ndiyo iliyonijia kwanza. "Iko wapi serikali yako?" nikampigia kelele Baba. "Mkaidi we! Kipuri kiko wapi?"

"Usimtukane," Kiraka akasema. "Hilo la kipuri tulishakubaliana."

"Mlikubaliana nini? Nyinyi mliwahi kukubaliana lini?"

"Nilimuuliza kama kweli anaamini kitakuja. Akanicheka. Akasema, 'Kiraka, hata mjinga haamini hilo. Lakini binti yangu akiuza kiti, kesho atanyolea watu wapi? Atakula nini?' Kisha akaniapisha niendelee kumbishia vilevile, usije ukashtuka."

"Na wale akina mama wa nyanya?"

"Hilo lilikuwa kweli, mwanangu. Hilo lilimtesa."

Nikainama juu ya kitanda. Nilikuwa na mengi. Nilitaka kumwambia kwamba kiti kingepatikana kingine, kwamba ningenyoa hata barabarani kwenye ndoo, kwamba nani alimtuma anipigie hesabu ya maisha yangu. Nikafungua mdomo.

Kiraka akanishika kifundo cha mkono. Alikuwa analia waziwazi.

"Ana shuka, mwanangu," akasema. "Mwache amalize."

Nikakaa kando yake, nikanyamaza.